Gunia la Mtama Kwenye Karia

Jumapili, 8 Julai 1956. Tarime.

Sauti niliyobaki nayo ni ya gurudumu. Si kilio cha baba, maana baba hakulia. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa nyuma yake kwenye karia, tukiteremka kwenda Mto Mara. Tulipoanguka baiskeli ililala ubavu, na gurudumu la nyuma likaendelea kuzunguka peke yake: tiki-tiki-tiki-tiki. Nilidhani likisimama baba atainuka. Likapunguza mwendo, tiki, tiki, kisha likasimama. Baba hakuinuka.

Leo, miaka kumi na moja baadaye, mama ameondoa gunia lililofunika baiskeli ile. Ameifuta vumbi, kisha akanipa barua ya dada yangu Robi aliyeolewa ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Issenye. Robi ni mjamzito tena, miezi sita na zaidi. Mwaka juzi mtoto wake wa kwanza alifia tumboni baada ya uchungu wa siku mbili, na yeye mwenyewe nusura amfuate.

"Mume wake Simioni yuko Kericho kwenye mashamba ya chai," mama alisema. "Mama mkwe alishafariki. Miguu yangu haiwezi tena safari hiyo. Wewe umemaliza chuo, unasubiri barua ya kupangiwa shule. Nenda ukakae naye mpaka ajifungue."

"Nitakwenda kwa miguu."

"Na uchungu ukianza, utambeba mgongoni?"

Kuendesha najua. Nilijifunza chuoni, kwenye uwanja wa mpira, mahali ambapo hata maji ya mvua hayajui yateremkie wapi.

Jumatano, 11 Julai.

Nimefunga mizigo. Blanketi, magauni mawili, daftari hili, kibuyu cha maji, viazi vya kuchemsha. Pampu nimeifunga kwenye fremu kwa mpira wa tyubu kuukuu. Viraka sita, gundi, kipande cha msasa, spana mbili za baba. Mizigo mizito chini na katikati. Nimejifunza leo kwamba ukiiweka juu baiskeli hukurupuka kama punda.

Alhamisi, 12 Julai.

Sikuondoka. Nilisema breki hazijakaa sawa. Zimekaa sawa.

Ijumaa, 13 Julai.

Sikuondoka. Mama ameuliza kama breki zitakaa sawa kabla mtoto wa Robi hajaanza shule.

Jumamosi, 14 Julai. Kerende.

Niliondoka jua likichomoza. Ninaandika nyumbani kwa binamu ya mama, mapaja yakinitetemeka kama ya ndama.

Nilitarajia hofu, na hofu ilikuwepo. Kila njia ilipoinama kidogo nilishuka na kusukuma. Lakini kati ya mteremko na mteremko kuna tambarare, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia habari za tambarare! Upepo unaingia kwenye mikono ya gauni. Harufu ya ulezi uliovunwa inakuja, unaipita, inakuja nyingine. Watu wanainua vichwa mashambani, unawaamkia, na kabla hawajamaliza kujibu umekwisha kuwa mgeni wa watu wengine. Kwa maili nzima sikuogopa kitu. Nilipogundua kwamba siogopi, nikaogopa.

Pancha moja karibu na Nyamongo, mwiba wa mgunga. Nilitoa tyubu, nikaiingiza kwenye dimbwi la ng'ombe kutafuta mapovu. Wanawake wawili waliokuwa wakichota maji walisimama kutazama. Mmoja alisema kwa Kikurya kwamba kiti kile kitanila kizazi. Mwenzake akamjibu, "Chako kimeliwa na nini, mbona hujawahi kupanda?" Wakacheka mpaka mitungi ikamwagika.

Jumapili, 15 Julai.

Mteremko wa mto. Niliushuka kwa miguu tangu juu hadi chini, breki zote mbili nimezibana, na baiskeli ikinivuta kama inayajua maji. Mahali penyewe sikupatambua. Nilidhani patakuwa na alama.

Mvuvi alituvusha kwa mtumbwi, baiskeli imelazwa mapajani mwangu. Viboko wanane, niliwahesabu. Mvuvi alisema ni tisa, mmoja yuko chini yetu. Ulikuwa utani wake.

Jumanne, 17 Julai. Kwa Robi.

Nimefika jana. Robi amekonda mikono na uso, tumbo peke yake ndilo lililonenepa.

Mji wenyewe ni wa Mzee Tomaso Nyamhanga, baba mkwe wake. Yupo pia Mokami, binti wa mzee, mjane wa miaka thelathini hivi, ndiye anayeshika nyumba. Ana ulimi. Aliponiona nikisukuma baiskeli kuingia uani alisema, "Karibu, bibi mwalimu. Wewe ndiye unayeipanda au yenyewe ndiyo inayokupanda?"

Mzee naye ana baiskeli, nyeusi, nzima, imeegemezwa ukuta wa ghala. Leo ameipaka mafuta mnyororo polepole, jino baada ya jino, kama mtu anayemchana mtoto nywele.

Nilimuuliza Robi, "Mwaka juzi ilikuwepo hii?"

"Ilikuwepo."

"Pale pale?"

"Pale pale. Nililala nikiiona kupitia mlangoni, siku nzima na usiku wote. Zahanati ya misheni ni maili kumi na moja."

Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana ensoni kati yao, ile aibu ya heshima. Hawagusani. Hawatazamani usoni. Mwanamke hakalii kigoda cha baba mkwe wala kitanda chake, na baiskeli ni kigoda chenye magurudumu. Robi asingeweza kuikalia hata ingeendeshwa na malaika. Vijana wa kubeba machela walikuwa mbali na ng'ombe, kama wanavyokuwa kila kiangazi. Kama walivyo sasa.

Najua ensoni ni nini, nimelelewa nayo. Lakini usiku huu ninamchukia mzee huyu na kopo lake la mafuta.

Ijumaa, 20 Julai.

Mzee akitaka kumwambia Robi jambo humwambia beberu wa sikio moja anayefungwa karibu na jiko. "Beberu, kuni mbichi zinaharibu macho ya watu." Na Robi, mgongo ukiwa upande wake, "Beberu, mwambie mzee nimesikia." Mimi huniambia moja kwa moja, ila huku akitazama baiskeli yangu. Mokami anasema yule beberu ndiye mwenye habari nyingi kuliko chifu.

Jumatatu, 23 Julai.

Vumbi.

Jumamosi, 28 Julai.

Nimekwenda zahanati peke yangu kuipima njia. Maili nne tambarare. Kisha mteremko wa udongo mwekundu, karibu maili moja, mwembamba, una kona katikati, na baada ya kona korongo limeikata njia, upana wa magunia mawili, kina cha goti. Kisha tambarare tena. Mteremko niliushuka kwa miguu. Kwenye korongo niliiinua baiskeli nikaivusha kwa mikono.

Muuguzi ni Mjaluo, Zilpa, mnene, mwepesi wa maneno. Anamkumbuka Robi vizuri mno. "Yule mtoto alikaa vibaya. Safari hii asinisubiri mimi, aje yeye. Tarehe ishirini na tano Septemba awe amelala hapa kwangu. Uchungu ukianza kabla ya hapo, mlete mara moja. Mara moja, umesikia? Si mpaka wazee wajadiliane."

Nimesikia. Nimerudi nikiyahesabu mawe yote ya mteremko ule.

Jumatatu, 6 Agosti. Issenye.

Robi alinifukuza nikamwamkie mama mdogo huku. "Unanitazama kama mgonjwa," alisema. "Nenda ukatazame kitu kingine siku tatu."

Nimetazama. Asubuhi ya jana nilifika mahali ambapo miti inaisha, na uwanda mzima ulikuwa ukitembea. Nyumbu. Nilidhani ni kivuli cha wingu mpaka niliposikia kukoroma kwao. Nilikaa juu ya jiwe nikala kiazi baridi na chumvi, baiskeli imelala kando yangu, na nikafikiri: nimejileta mwenyewe hapa, kwa miguu yangu, hakuna aliyenibeba. Sijui furaha nyingine inayofanana na hiyo.

Kisha nikaona mchangani alama ya unyayo mpana kuliko kiganja changu, bado mbichi. Niliendesha maili sita bila kugeuka nyuma na bila kumeza mate.

Alhamisi, 9 Agosti.

Nimerudi. Robi miguu imevimba. Mokami amenikaribisha: "Simba amekukataa?"

Jumanne, 14 Agosti.

Mzee alinikuta nikisukuma baiskeli kushuka kitelemko cha nyuma ya zizi. Akasimama, akaitazama baiskeli.

"Mwenye baiskeli hii anaogopa mteremko," aliiambia.

"Ndiyo, mzee."

"Athanas, baba yake, nilimfahamu. Alikuwa mwendeshaji mzuri. Kosa lake siku ile lilikuwa moja, alibana breki ya mbele peke yake. Nilikwenda kuyaona matairi yalivyopita."

Miaka kumi na moja nimeamini kwamba tulianguka kwa sababu mimi nilihama kwenye karia kutazama mto. Sikumwambia mtu yeyote. Niliingia ndani nikakaa gizani mpaka Robi akaja kuniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 17 Agosti.

Leo ametoa gunia la mtama ghalani, akalifunga kwenye karia yangu. Akachukua baiskeli yake, akatangulia kwenda kwenye kitelemko.

"Breki ya nyuma kwanza, ya mbele ifuate, kama wapagazi wawili wa Kinyamwezi wenye mzigo mmoja. Usibane, gusa. Macho yasiwe kwenye tairi, yawe kule unakotaka kufika. Mwili nyuma. Ukitaka kuanguka, angukia upande wa mlima."

Nilianguka upande wa mlima. Gunia likapasuka. Kuku wote wa mji wakaja mbio.

"Kuku wa hapa watakupenda," alisema Mokami.

Jumamosi, 18 Agosti.

Nimeanguka mara mbili.

Jumapili, 19 Agosti.

Mara moja. Mokami amelishona gunia bila kuombwa.

Jumatano, 22 Agosti.

Mzee hutangulia kwa baiskeli yake, mimi nafuata na gunia. Hageuki. Tumepatana kwa kengele. Mlio mmoja ni shimo au jiwe. Miwili, shuka usukume. Ikilia mfululizo, njia ni njema, achia breki zote.

Ule wa mfululizo siutii. Kila akiupiga mimi nabana. "Kengele yangu inalia bure," aliuambia usukani wake. Nimegundua jambo kuhusu gunia hili. Ni la uzito wa mwanamke mjamzito. Amelipima.

Jumamosi, 25 Agosti.

Alasiri hizi mzee hutoka peke yake na jembe, hurudi na udongo mwekundu magotini. Mashamba yake yote ni ya udongo mweusi. Mokami alimuuliza, akajibu kwamba anachimba dawa.

Alhamisi, 30 Agosti.

Joto. Robi halali. Mimi pia. Usiku naota gurudumu.

Jumapili, 2 Septemba.

Baada ya sala mzee alikuwa akipaka mafuta mnyororo, nami nikakaa kando kupaka wangu. Ghafla akasema, akiutazama mnyororo:

"Mwaka juzi nilingoja siku moja na usiku. Nilisema vijana watarudi na ng'ombe. Alfajiri ya siku ya pili nikapanda, nikaenda kumleta muuguzi. Yeye anaweza kukaa kwenye karia yangu, si mkwe wangu. Nikaenda maili kumi na moja, nikarudi maili kumi na moja." Akageuza pedeli nusu mzunguko. "Mtoto alihitaji kumi na moja tu."

Nilimpa kitambaa changu, chake kilikuwa kimeloa mafuta. Alikichukua kwa kushika ncha ya mbali.

Ijumaa, 7 Septemba.

Mawingu upande wa ziwa. Robi anasema ni mapema mno kwa mvua. Kila mtu anasema ni mapema mno. Udongo ule mwekundu ukiloa ni sabuni.

Jumanne, 11 Septemba.

Mawingu. Nimehesabu: siku kumi na nne mpaka tarehe ishirini na tano. Nimemwomba Robi twende sasa, tukasubirie kwa Zilpa. Hakatai wala hakubali. "Uji wa watu wengine mwezi mzima," anasema. Nadhani anaogopa kile chumba. Ndimo alimozindukia mwaka juzi, vijana walipokwisha kumbeba kwa machela, mikono mitupu.

Jumamosi, 15 Septemba.

Amekubali! Tunakwenda Jumanne, taratibu, yeye akitembea penye tambarare na kupumzika.

Jumapili, 16 Septemba.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri. Mvua ya kwanza, kila mtu anafurahi. Watoto wa jirani wanacheza uchi uani. Nimekaa mlangoni nimeshika spana ya baba, sina ninachokaza.

Jumanne, 18 Septemba. Zahanati.

Mkono wangu wa kulia umefungwa, naandika vibaya. Nitaandika kwa mpangilio.

Jana alfajiri Robi alinigusa. "Chupa imepasuka," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nilitaka kusema tusubiri njia ikauke, tusubiri kidogo tu. Neno "tusubiri" lilikuwa mdomoni kabisa. Nikakumbuka siku moja na usiku.

Nilipotoka nje mzee alikuwa tayari uani, koti limefungwa mpaka shingoni, baiskeli mkononi, mgongo wake umeelekea mlango wa Robi. Alikuwa akizungumza na beberu.

"Beberu, mimi leo nakwenda zahanati. Kama kuna mtu nyuma yangu sitajua. Sina macho kisogoni."

Mokami alikunja blanketi mara nne akalitandika kwenye karia. Robi akakaa upande, nikamfunga kiunoni mwangu kwa kitenge. Mokami mwenyewe alikuwa na kamba ya ng'ombe begani. Nilimuuliza ni ya nini. "Ya kukuzuia usiruke kwenda Ulaya," alisema. Hakucheka.

Maili nne za kwanza zilikwenda. Njia ilikuwa na utelezi, lakini tambarare ni tambarare. Mzee mbele, hatua hamsini hivi. Kengele moja: nakwepa. Kengele moja: nakwepa. Mokami alikimbia nyuma yetu, namsikia akihema na kulaani matope. Uchungu ulipomjia Robi alikuwa akiweka paji la uso mgongoni mwangu na kusukuma, kama mtu anayefungua mlango.

Kisha kengele mbili. Tukasimama. Mteremko.

Ulikuwa mwekundu na unang'aa. Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye njia za magurudumu. Nilisema, "Dada, shuka, tutatembea." Nikafungua kitenge, akajaribu. Akaweka miguu chini, akachukua hatua mbili, magoti yakakunjika. Alisema, "Siwezi, Agustina. Anakuja." Na uso wake haukuwa tena uso wa dada yangu, ulikuwa wa mtu anayesikiliza kitu mbali.

Niliutazama mteremko. Sitaandika kwamba nilipata ujasiri. Sikupata. Nilikojoa kidogo kwenye gauni, ndiyo kweli yenyewe.

Mokami alimrudisha Robi juu ya blanketi, nikamfunga tena kwa kitenge. Kisha akafunga kamba kwenye karia, akajizungushia ncha nyingine kiunoni, akarudi nyuma, akachimbia visigino. "Endesha, bibi mwalimu! Mimi ni breki ya tatu. Nikivunjika meno utanitafunia nyama."

Tukaanza. Nyuma kwanza, mbele ifuate. Gusa, usibane. Kengele moja. Kengele moja. Mokami akituzuia kama mtu anayezuia fahali, na kwa muda nilidhani tutafika hivyo. Karibu na kona nikasikia kishindo na tusi. Kamba ikalegea. Alikuwa ameanguka, na akajifungua kamba kiunoni haraka asituvute chini. Tukabaki sisi wawili.

Baiskeli ikachukua mwendo. Nilibana. Rimu zilikuwa zimeloa, mpira wa breki ukapita juu yake kama kidole juu ya kamasi ya bamia. Tairi la nyuma likaanza kwenda upande. Robi aliniuma bega. Mbele ilikuwa kona, na baada ya kona, nilijua, korongo.

Hapo kengele ikaanza kulia. Si moja, si mbili. Mfululizo.

Nilifikiri: amesahau korongo. Nilifikiri: amechanganyikiwa, ni mzee. Nilifikiri pia, Mungu anisamehe, kwamba ananidanganya ili tuanguke haraka na mambo yaishe. Na kengele ikalia, ikalia, haikupumzika hata kuvuta pumzi.

Niliachia breki. Zote mbili.

Baiskeli ikanyooka. Tairi la nyuma likarudi mahali pake, kwa sababu gurudumu linalozunguka hushika njia, lililobanwa huteleza, alishaniambia mara mia kwenye kitelemko cha zizi. Tukaipita kona na macho yangu yalikuwa kule ninakotaka kufika, kwenye koti jeusi la mzee. Nikasubiri korongo.

Halikuwepo. Palikuwa na mawe. Mawe yaliyopangwa moja baada ya jingine, yameshindiliwa udongo mwekundu, mapana ya kutosha mkokoteni, na maji ya mvua yalipita chini yake katika mfereji uliochongwa vizuri. Alasiri zote zile za jembe. Tulipita juu yake tukarukaruka kidogo, kama juu ya mgongo wa ng'ombe.

Chini, kwenye tambarare, niliangusha baiskeli kwa kuwa mikono ilikataa kuamini kwamba tumefika. Nilijipindua ili niangukie chini ya Robi badala ya juu yake, ndipo mkono ulipochubuka. Mzee alisimama kule mbele, mgongo kwetu, mkono bado uko kwenye kengele. Akauliza hewa, "Je, watu wa nyuma wapo?"

"Wapo, mzee!" nilipiga kelele.

Akapanda tena.

Zilpa alitutoa kwenye baiskeli kama mtu anayechuma ndizi. Alimgeuza mtoto kwa mikono yake, kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Robi hakupiga kelele, mimi nilipiga kwa niaba yake kule nje. Alizaliwa jua likiwa katikati. Msichana. Akakaa kimya kwanza. Nilisikia kimya kile na masikio yangu yakaanza kukitafuta kile kitu, tiki-tiki-tiki. Kisha akalia.

Mzee alikuwa nyuma ya jengo. Mokami alifika kwa miguu, uso mwekundu wa matope, jino moja la mbele halipo kweli. Aliponiona alisema, "Nyama yangu iko wapi?" ndipo akakaa chini akalia.

Jioni mzee aliusogelea ukuta wa chumba cha Robi, akasimama ubavu. "Wewe ukuta," alisema, "mwambie mke wa Simioni kwamba mji wake unamshukuru."

Ndani, Robi akajibu, "Ukuta, mwambie mzee nimesikia. Mwambie na barabara yake nimeiona."

Jumapili, 23 Septemba.

Tumerudi nyumbani, Robi na mtoto kwa machela. Vijana wamekuja na ng'ombe. Wanaimba kana kwamba wao ndio waliozaa.

Jumatatu, 24 Septemba.

Barua ya kupangiwa shule imeletwa na mtu wa Kerende. Tarime mjini, kuanzia tarehe mosi Oktoba. Njia nzuri, tambarare. Nimesoma mara tatu nikifikiri jinsi nitakavyoendesha asubuhi.

Jumatano, 26 Septemba.

Mke wa jirani, mkwe wa nduguye mzee, hivyo naye ana ensoni na mzee, ana mimba ya miezi minne. Alikuja kumtazama mtoto. Akatazama pia baiskeli yangu, muda mrefu kuliko mtoto. Mume wake naye ameondoka kwenda kazini Kenya.

Nilikwenda nyuma ya zizi nikamkuta Mokami peke yake, amesimama mbele ya baiskeli ya baba yangu kama mtu aliye mbele ya ng'ombe asiyemfahamu. "Hiki kiti," alisema, "kweli kinakula kizazi?"

"Sijui."

"Changu hakina kazi tena. Nishikie."

Jumapili, 30 Septemba. Tarime.

Nimeingia nyumbani bila baiskeli. Mama alinitazama viatu, akaweka maji ya moto.

Siku mbili nilikimbia nyuma ya Mokami kwenye kitelemko cha zizi, nimeshika karia. Ameanguka mara kumi na moja. Kila mara alimlaumu kuku. Anabana sana, haachii. Nimemwambia kama nilivyoambiwa, na nimeona usoni kwake kwamba haamini, kama nilivyokuwa siamini. Naogopa kwa ajili yake. Hofu haijaniacha, imehama tu mahali pa kukaa.

Ijumaa alfajiri niliaga. Nilimwamkia mzee, akaitikia akiitazama miguu yangu, maana sikuwa na baiskeli ya yeye kuitazama. Nilikuwa nimeshatoka uani na kuupita mti wa kwanza niliposikia nyuma yangu kishindo, kisha ile sauti. Tiki-tiki-tiki-tiki. Gurudumu likizunguka peke yake. Nilisimama. Sikuweza kugeuka. Likapunguza mwendo, tiki, tiki, likasimama.

"Kuku wewe!" alipiga kelele Mokami. "Huoni mtu anapita?"

Nikaendelea na safari. Mteremko wa mto niliupanda kwa miguu jana, nimebeba blanketi kichwani.

Baiskeli sikuwaazima, nimewapa. Pampu, spana zote mbili za baba, viraka vinne vilivyobaki. Nimempa Mokami mwenyewe, mbele ya Robi na yule mke wa jirani, ili ijulikane ni ya nani. Na nimemwomba mzee asiikalie kamwe, hata kwa kujaribu breki, isije ikawa kigoda chake. Alimgeukia beberu akamwambia kwamba amesikia.